Vyumba Vinane

Karatasi ilitoka Kampala kwa basi la usiku,
imekunjwa ndani ya gazeti,
na mwenye mashine ya fotokopi hakujali:
mstari wa mwisho ulikatwa.
Muziki wa Mjerumani aliyekufa kabla reli haijafika Tororo
ulitembea vizuri, ukapanda, ukageuka,
ukafika ukingoni mwa karatasi
ukaanguka.

Mwalimu Khainza aliigeuza, akatazama nyuma yake
kama mtu atafutaye chenji.
Tulikuwa saba katika ukumbi wa kota za polisi, Mbale,
fidla nne, na selo moja
yenye waya wa breki ya baiskeli mahali pa uzi wa nne.
Miezi mitano alikuwa akitupandisha ngazi na kutushusha
hadi vidole vikaota sugu,
hadi mke wa Inspekta akatuma mtu kuuliza
tunamchinja nani.
"Nyaketcho, kidole cha tatu. Kidole cha tatu, Nyaketcho."
Nilimchukia kwa adabu zote.

Tulidhani atapiga simu, aletewe karatasi nyingine.
Akachukua chaki,
akachora mistari mitano ubaoni, akasimamisha fito,
vikawa vyumba vinane,
na mimi niliyelala na ndugu watano katika chumba kimoja
sikuwahi kuona vyumba vitupu vingi namna ile.
"Mzee huyu kawaachia nusu ya nyumba," akasema.
"Mnajua sasa anavyojenga. Anapenda mlango upi,
anaogopa nini, anarudi kwake kwa njia gani.
Malizeni. Jumamosi."

Wepukhulu alileta kadodi.
Ulikuwa mwaka wa shufwa, mwaka wa tohara,
ngoma zilipita barabarani tangu alfajiri,
naye akazitia zote ndani ya selo.
Ule waya wa breki ukakoroma,
tukajikuta tumesimama bila kuambiwa.
Akurut aliacha vyumba vitatu bila kitu.
Alipoulizwa alisema, hapo bibi anapumua
kabla ya kusukuma tena jiwe la kusagia.
Mwalimu akafunga macho, akauhesabu ukimya ule kwa kidole,
wote,
hakuufupisha.

Mimi sikuwa na lolote.
Ijumaa usiku nimelala, nasikia cherehani ya mama,
anashona sare za watoto wa watu, mguu juu ya kanyagio:
mbio, mbio, mbio, halafu kona ya mfuko,
polepole, mishono mitatu, geuza kitambaa,
mbio tena.
Nikaamka. Nikachukua fidla, nikakaa karibu na kibatari chake.
Hapo ndipo nilipojua zile ngazi zilikuwa za nini:
nilitaka sauti fulani, na kidole kikawa kimeshafika,
kama mkono unavyolipata komeo la mlango wenu
gizani.
Mama hakuinua kichwa. Lakini alipunguza mwendo.

Jumamosi nilipiga. Kona ya mfuko ilinipotoka kidogo.
Mwalimu hakusema kidole cha tatu.
Aliuliza: "Huyo anashona nini?"

Sikuwa mpiga fidla. Natengeneza miguu ya bandia
kwenye karakana nyuma ya hospitali.
Vipimo huja kutoka ng'ambo, vimechapwa safi,
hakuna mstari uliokatwa.
Naviweka kando. Namwambia mtu: tembea kwanza,
hivyo hivyo na gongo lako.
Nasikiliza.

Juzi, msasa mkononi, redio juu ya kabati,
nikausikia muziki ule.
Ukapanda. Ukageuka. Ukafika ukingoni,
nikabana pumzi,
ukaendelea.

Mwisho wake ni mzuri, sikatai.
Mtulivu, wenye heshima zake,
unarudi nyumbani kwa mlango wa mbele.
Mvua ilikuwa imekatika, na Wanale inaning'iniza maji yake,
nyuzi nyeupe, sikuzihesabu.
Nilingoja hadi mtangazaji alipoanza kusoma matangazo ya vifo.

Hakukuwa na cherehani.